Kutoka Daftari la Diko hadi Simu: Mwongozo Kamili wa Kujenga na Kutafiti Mfumo wa Taarifa Lamu

Mwongozo huu umekusudiwa watu wa aina mbili ambao hapa kwetu Lamu aghalabu huwa ni mtu mmoja: anayetengeneza mfumo wa taarifa na anayeufanyia utafiti. Kijana aliyesomea teknolojia ya habari Mombasa au Nairobi hurudi nyumbani na tasnifu ya uzamili ambayo haijaandikwa, na wiki hiyo hiyo kikundi cha wavuvi au ofisi fulani humwomba awatengenezee "kitu cha kwenye simu" cha kuchukua nafasi ya daftari. Huyakubali yote mawili, na taabu huanzia hapo, kwa kuwa kazi hizo mbili hazina mwendo mmoja. Mfumo unatakiwa ufanye kazi kesho asubuhi vyombo vikifika. Utafiti unataka kujua kwa nini ule wa mwaka juzi ulitumika miezi mitatu ukaachwa.

Mfano nitakaoufuata mwanzo hadi mwisho ni mfumo wa kuandikisha samaki dikoni, yaani pale vyombo vinapofunga na samaki kupimwa. Nimeuchagua kwa sababu unakusanya karibu kila shida inayojulikana katika fani hii: watumiaji wenye maslahi yanayogongana, mtandao unaokatika, lugha isiyo moja, fedha za wafadhili zenye tarehe ya mwisho, na sheria. Atakayejenga mfumo wa zahanati ya Faza au wa ada za madrasa ya Langoni atabadilisha majina ya safu tu.

Hatua ya 1: Lisome daftari lililopo

Jambo la kwanza lisiwe mahojiano, wala dodoso, wala mchoro wa mfumo. Liwe daftari. Omba ruhusa kwa mwenyekiti wa kikundi cha usimamizi wa ufuo, ambacho kila mtu hukiita BMU, kisha ukae na karani asubuhi tatu au nne bila kumuuliza mengi, ukitazama anavyoandika.

Daftari moja nililowahi kulikalia lilikuwa na kurasa zilizovimba kwa unyevu na safu tano zilizopigwa kwa rula: tarehe, chombo, samaki, kilo, tajiri (yaani mnunuzi mkubwa wa samaki). Pembeni mwa baadhi ya mistari paliandikwa herufi ndogo "b". Hakuna fomu ya ofisi yoyote iliyokuwa na herufi hiyo.

"Ami, hii 'b' ni ya nini?" nilimuuliza karani.

"Bamvua, mwanangu. Ukiona kilo tano siku ya bamvua usidhani bahari imekauka. Mkondo ulikuwa mkali, nyavu hazikukaa."

Herufi moja tu ya bamvua, yaani siku za maji makubwa ya mwezi, lakini ilikuwa imebeba maarifa ambayo mtaalamu wa takwimu angeyatafuta kwa mwezi mzima. Kurasa za mwisho za daftari hilo hilo, zilizoandikwa kwa kuligeuza juu chini, zilikuwa za madeni: nani alichukua barafu, nani petroli, na tajiri gani alimkopesha nani pesa za kununulia nyavu. Daftari la samaki lilikuwa pia daftari la mikopo, na mfumo uliokuja kulirithi ulichukua nusu ya mbele ukaacha nusu ya nyuma. Karani akaendelea kutumia daftari, kwa sababu simu haikumfanyia kazi iliyomhusu zaidi.

Kwa hiyo andika kila alama unayoiona na maana yake, hata ikionekana ni mchoro wa kupitisha wakati. Hesabu ni safu zipi hujazwa kila siku na zipi hubaki tupu. Chukua kurasa 30 bila kuzichagua, nusu za msimu wa pepo za kaskazi na nusu za msimu wa kusi, uhesabu maingizo kwa siku, yaliyofutwa, na yasiyosomeka. Pima pia kwa saa ya mkononi karani hutumia muda gani kuandika mstari mmoja. Takwimu hizo ni hali ya awali, na mtafiti asiyezichukua kabla ya simu kufika hataweza baadaye kusema kwa ushahidi kwamba mfumo umepunguza makosa au umeongeza kasi. Nimesoma tasnifu kadhaa zenye sura nzima ya "matokeo" ambazo hazina hata namba moja ya kabla. Hizo haziwezi kutetewa mbele ya msimamizi makini.

Hatua ya 2: Tafuta ruhusa zote, na uelewe kwa nini watu huogopa orodha

Nchini Kenya mtafiti huhitaji kibali cha NACOSTI, yaani Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu, pamoja na idhini ya kamati ya maadili ya chuo chake. Anayekusanya taarifa za watu, awe mtafiti au mtengenezaji, anabanwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, ambayo humtaka akusanye zile tu zinazohitajika kwa lengo alilolitaja, awape wenye taarifa haki ya kuziona na kuzisahihisha, na taarifa zikivuja kwa namna inayoweza kuwadhuru amjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu alipojua. Ofisi ndogo huiona sheria hii kuwa ya mabenki. Haisemi hivyo.

Lakini karatasi hizo hazitakufungulia mlango wa dikoni. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua kwamba wavuvi wapatao 4,600 wa Lamu walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa madhara ya ujenzi wa bandari mpya katika Ghuba ya Manda, ile ya LAPSSET, mradi wa bandari na njia za usafiri za kuelekea Sudan Kusini na Ethiopia. Tangu wakati huo hakuna orodha ya wavuvi iliyo karatasi tupu. Nani ni mvuvi, nani ni baharia wa msimu, nani alikuwa dago, yaani kwenye kambi ya uvuvi ya mbali, miezi mitatu jina lake likakosekana, hayo ni maswali ya haki na riziki. Ukifika na simu ukasema "tunasajili wavuvi," watakuja watu ambao hawajawahi kushika mshipi, na baadhi ya wavuvi halisi watakaa mbali wakidhani ni kodi.

Eleza kwenye mkutano wa BMU, kwa Kiswahili chepesi na mbele ya wazee, mambo manne: unachukua nini, unakichukulia nini, nani atakiona, na mfumo huu hauhusiani na malipo gani. Hilo la nne watu hulisahau, nalo ndilo linaloulizwa nje ya mkutano. Atakayekataa kuandikwa katika utafiti aendelee kupimiwa samaki wake kama kawaida. Ridhaa inayotolewa kwa kuhofia kunyimwa mizani si ridhaa. Usidanganyike pia kwamba kufuta majina kunatosha kumficha mtu. Katika diko lenye vyombo sita, kuandika "nahodha wa mashua kubwa ya bluu" ni sawa na kumtaja kwa ukoo wake.

Hatua ya 3: Panga kazi kwa kalenda ya bahari

Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai. Matokeo yake ni kwamba vifaa hununuliwa mbio mbio mwezi Juni ili bajeti isirudi, mafunzo hufanywa Julai, na majaribio huanza katikati ya kusi, bahari ikiwa imechafuka na vyombo vidogo vimelala. Majaribio hayo hufaulu sana. Maingizo ni machache, karani ana nafasi, simu haizidiwi, ripoti huandikwa kwamba mfumo "umekubalika kikamilifu." Kisha kaskazi huingia, bahari hutulia, vyombo vinarudi kwa pamoja alfajiri, watu wanasukumana kwenye mizani, na mfumo uliokubalika huwekwa mfukoni na daftari kutolewa tena.

Shida hii haimo katika vitabu vingi vya uhandisi wa programu, nami naiona kuwa ndiyo iliyowaangusha wengi pwani hii. Dawa yake ni kukubaliana na mfadhili au idara, kwa maandishi, kwamba hakuna tathmini itakayohesabiwa kuwa ya mwisho kabla ya kupita walau msimu mmoja wa kaskazi. Tumia kusi kwa kusoma daftari, kutengeneza na kufundisha. Tumia tanga mbili, pale pepo zinapobadilishana, kwa majaribio ya kwanza. Acha kaskazi iwe mtihani wenyewe. Mikutano iwekwe siku ambazo watu wapo nchi kavu, na Ijumaa asubuhi mara nyingi hufaa ukimaliza mapema kabla ya watu kwenda kuoga kwa ajili ya sala. Usipange mafunzo ya alasiri mwezi wa Ramadhani. Ukisafiri kwenda Siyu, uliza maji ya bahari yanajaa lini kabla ya kuuliza nauli, maana maji yakitoka mtasubiri.

Hatua ya 4: Tengeneza umbo la data kwa maneno, saa na majina ya watu wenyewe

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu kuliko kwingine kote. Nitaanza na kosa langu mwenyewe. Katika kazi yangu ya kwanza nilitengeneza fomu yenye sehemu 22, kila moja ikiwa imeombwa na mkubwa fulani katika kikao. Baada ya wiki sita nilifungua kanzidata nikakuta kila chombo kimekuwa na mabaharia watatu. Kila chombo, kila siku. Tatu ilikuwa namba ya kwanza ambayo fomu iliikubali bila kulalamika, na karani aliyekuwa na foleni mbele yake hakuwa na haja ya namba nyingine. Kosa lilikuwa langu, lakini kwenye ripoti lingeitwa la mtumiaji.

Saa ndiyo mtego wa kwanza. Chombo kikifunga saa kumi na moja alfajiri, karani ataandika 11, na programu iliyotengenezwa kwa saa za Kizungu itaelewa kwamba samaki waliteremshwa saa tano mchana, wakati dikoni hamna kiumbe ila paka. Tofauti ni ya saa sita sawasawa, kwa hiyo haionekani kuwa kosa. Inaonekana kuwa ni tabia ya wavuvi. Badala ya kumfundisha karani saa ngeni, weka vitufe vya alfajiri, asubuhi, adhuhuri, alasiri, magharibi na usiku, kisha uiache simu iandike yenyewe muda wa kuingiza. Hifadhi vyote viwili, kwa sababu muda wa kuingiza si muda wa kufunga chombo, na siku ya msongamano vinaweza kuachana kwa saa nzima.

Siku nayo ina mtego wake. Kwa wazee wengi siku hubadilika jua likitua, hivyo "usiku wa Ijumaa" ni ule ambao simu inauita Alhamisi usiku. Waliotoka kuvua usiku huo wakiulizwa siku, watajibu kwa hesabu yao, na jumla za wiki zitakosana na zile za soko. Muulize karani wako siku yake huanza lini, uandike jibu katika maelezo ya mfumo.

Majina ya samaki huhitaji kikao peke yake. Neno "changu" hufunika spishi nyingi za jamii moja, wakati samaki mwingine ataitwa tafi na huyu na tasi na yule. Mwanasayansi wa uvuvi anataka spishi, tajiri anataka daraja la bei, na nahodha anataka jina alilofunzwa na babake. Usimlazimishe mmoja kulimeza neno la mwingine. Weka katika kanzidata jedwali la majina ambalo kila jina la wenyeji, liwe la Kiamu, la Kibajuni au la Kiswahili sanifu, linaelekezwa kwenye kundi lake, na kundi linaelekezwa kwenye jina la kisayansi pale tu linapojulikana kwa uhakika. Picha husaidia, mradi ziwe za samaki walivyo juu ya sakafu ya dikoni, wamelowa na kukunjamana. Zile zilizochorwa vizuri kwa kitabu hazimsaidii karani.

Uzito pia si kilo tu. Samaki wadogo huuzwa kwa fungu au kwa mtungo, na kabla hata ya mizani kuna samaki wa kitoweo, ambao mabaharia hugawana wakapeleka majumbani. Hao hawaandikwi popote. Kuongeza swali la "kitoweo kilo ngapi?" kwenye fomu kutaleta uongo au ugomvi, ni bora mtafiti akubaliane na vyombo vichache kupima kitoweo kwa siku chache za kila msimu, kisha aeleze wazi katika uchambuzi kwamba namba za dikoni ni pungufu na kwa nini.

Mwisho kuna majina ya watu. Akina Mohamed Ali ni wengi, namba za simu hubadilika na laini huazimwa, na watu hujulikana zaidi kwa majina ya utani. Usikimbilie namba ya kitambulisho cha taifa kwa sababu tu ni ya kipekee. Ni taarifa nzito kwa kazi nyepesi. Toa namba ya BMU yenyewe, iandike kwenye kadi, na uifungamanishe na jina kamili, jina la utani na chombo. Maingizo yanayofanywa bila mtandao yapewe utambulisho wa kipekee na simu yenyewe wakati wa kuandikwa, la sivyo siku simu mbili zitakaposawazishwa pamoja utakuta samaki wa mtu mmoja wamehesabiwa mara mbili.

Hatua ya 5: Pima pengo kati ya mpango na hali halisi

Richard Heeks wa Chuo Kikuu cha Manchester, ambaye amechunguza kwa miaka mingi kushindwa kwa mifumo katika nchi zinazoendelea, anatoa kipimo rahisi. Unachukua mambo saba: taarifa, teknolojia, taratibu za kazi, malengo na maadili, watu na ujuzi wao, uongozi na muundo, na rasilimali nyingine kama fedha na muda. Kwa kila moja unajiuliza mfumo unaoupanga unadai mabadiliko makubwa kiasi gani kutoka hali ilivyo leo, ukitoa alama kuanzia 0 hadi 10. Jumla ikikaribia 70, acha. Faida yake kubwa si jumla bali mazungumzo, hasa ukiwapa karani, mwenyekiti na ofisa wa kaunti wajaze kila mmoja peke yake kisha uwakutanishe.

Alama huachana zaidi kwenye malengo. Ofisa anataka tani kwa ajili ya ripoti. Nahodha anataka ushahidi wa mapato apate mkopo. Tajiri hapendi bei yake ijulikane, kwa sababu aliyemkopesha mvuvi nyavu amekwisha kununua samaki kabla hawajavuliwa. Mama karanga, anayenunua samaki wadogo wa kukaanga, anataka kujua mapema vyombo vingapi vinarudi asije na karai tupu akarudi nalo tupu. Mama huyu hutajwa katika utangulizi wa tafiti nyingi na hualikwa katika vikao vichache mno. Ikiwa mfumo hautampa chochote yeyote kati ya hao, kuwa na hakika atatafuta njia ya kuuzunguka.

Inafaa kukumbuka kwamba kuwashirikisha watumiaji hakukuanza kama adabu ya kikao. Kristen Nygaard, yule Mnorwe ambaye pamoja na Ole-Johan Dahl aliunda lugha ya programu ya Simula, alifanya kazi mwanzoni mwa miaka ya 1970 na chama cha wafanyakazi wa chuma nchini kwake ili wafanyakazi wawe na maarifa ya kutosha kubishana na wakubwa kuhusu kompyuta zilizokuwa zikiletwa viwandani. Ushirikishwaji usiompa mtu uwezo wa kusema "hapana" ni chai na mahamri.

Hatua ya 6: Chagua teknolojia

Sehemu hii itakuwa fupi, maana ndiyo watu huijua zaidi na ndiyo huamua machache zaidi. Anza na programu huria za ukusanyaji wa data zinazofanya kazi bila mtandao, kama ODK au KoboToolbox, kabla ya kuandika msimbo wako. Ukihitaji kuwafikia manahodha wenye simu za mulika-mwizi, tumia ujumbe mfupi, ukikumbuka kwamba ujumbe mmoja ni herufi 160 na maneno yetu ni marefu. Maandishi yasomeke juani. Simu iwekwe ndani ya mfuko wa plastiki wa kufungwa, kwa kuwa chumvi huua tundu la chaji kabla ya kitu kingine chochote. Na mwanzoni kabisa andika jina la mtu atakayelipia bando.

Kuhusu mkataba, zabuni nyingi hutaka kila kipengele kielezwe kabla ya siku ya kwanza, ilhali kila kitu nilichokieleza katika hatua ya 4 hugunduliwa kazini. Njia ya kati ni kuomba malipo yagawanywe kwa vipande vidogo vinavyofanya kazi, na kila kipande kikubaliwe na karani dikoni.

Hatua ya 7: Endesha daftari na simu sambamba

Tarehe 26 Oktoba 1992 huduma ya magari ya wagonjwa ya London iliwasha mfumo mpya wa kompyuta wa kuyaelekeza magari, mji mzima kwa mpigo mmoja. Mfumo ulipoteza hesabu ya magari yalipo, simu zikarundikana, na siku chache baadaye, tarehe 4 Novemba, ukakwama kabisa hata watumishi wakarudi kwenye karatasi. Uchunguzi uliofuata ulionyesha mafunzo hafifu, ratiba isiyowezekana na watumishi ambao hawakuumiliki mfumo. London ilikuwa na fedha na umeme. Sisi tuna sababu zaidi za kutolizima daftari haraka.

Kwa wiki nne za mwanzo karani aandike kote kuwili, na alipwe kwa kazi hiyo ya ziada. Kumwongezea mtu kazi maradufu kwa jina la maendeleo ni dhuluma, na data yake itakuonyesha hivyo. Kila jioni linganisha mistari kumi. Tofauti usizirekebishe kimya kimya, bali uziandike: simu ilisema nini, daftari lilisema nini, na lipi lilikuwa kweli. Baada ya hapo punguza daftari liwe siku mbili kwa wiki, kisha liwe la dharura tu. Lisiondolewe kabisa. Siku simu itakapoanguka majini, na itaanguka, kalamu iwepo.

Hatua ya 8: Weka madaftari mawili ya mtafiti

Mtu anayejenga na kutafiti kwa pamoja huvaa kofia mbili, na kila moja hudanganya nyingine. Mjenzi anataka mfumo ufaulu, kwa hiyo jicho lake hukwepa aliyeuacha; mtafiti anataka kisa cha kuvutia, kwa hiyo anaweza kuchelewa kutengeneza hitilafu inayompa kurasa nzuri. Njia niliyoiona ikisaidia ni kuwa na madaftari mawili ya kawaida. La kwanza ni la ujenzi: nini kimebadilishwa, lini, na nani aliomba. La pili ni la kujifunza: leo nilitarajia nini, nimeona nini, nimeshangaa wapi. Kila ingizo liwe na tarehe na liandikwe siku hiyo hiyo, maana kumbukumbu ya mwezi mmoja baadaye hujipamba.

Kwa muundo wa utafiti, mzunguko uliopendekezwa na Susman na Evered mwaka 1978 bado unafaa: kutambua tatizo, kupanga hatua, kutenda, kutathmini, na kubainisha kilichofunzwa, kisha kuanza tena. Wanafunzi wengi huyafanya manne ya mwanzo wakalisahau la tano, na hapo ndipo ripoti ya kazi inapotofautiana na utafiti. Ripoti husema fomu ilipunguzwa kutoka sehemu 22 hadi 7. Utafiti husema ni sehemu zipi zilizojazwa kwa kweli chini ya msongamano, kwa nini hizo, na mtu wa diko jingine au wa zahanati anaweza kutabiri nini kutokana na hilo.

Usidai zaidi ya ulichokiona. Diko moja la Amu, yaani mji wa Lamu, haliwezi kuzungumza kwa niaba ya Kizingitini, ambako wavuvi, vyombo na matajiri ni wengine. Lakini utaratibu uliougundua, kwa mfano kwamba karani huchagua jibu la kwanza linalokubalika pale foleni inapokuwa ndefu, unaweza kusafiri, na msomaji wa mbali ataujaribu kwake. Kumbuka pia kwamba uwepo wako hubadilisha mambo: wiki unazokaa dikoni data huwa safi kuliko wiki unazokuwa chuoni. Tenganisha wiki hizo katika uchambuzi, na tofauti yake uichapishe. Sura ya yaliyoshindwa iwepo, tena isiwe aya mbili mwishoni. Majarida hupenda yaliyofaulu, lakini kijana atakayefuata baada yako anahitaji kujua mawe yalipo chini ya maji.

Matokeo yarudi dikoni kabla ya kwenda kwenye mkutano wa kitaaluma. Karatasi moja kubwa ukutani, yenye kilo za kila mwezi na alama za bamvua, itasahihishwa na wavuvi ndani ya dakika kumi kwa namna ambayo hakuna mhakiki wa jarida angeweza.

Hatua ya 9: Kabidhi, na upange mfumo utakavyokufa

Niliwahi kuitwa kufufua mfumo ambao mtengenezaji wake alihama mji akiwa na nywila ya msimamizi kichwani mwake. Data ya miaka miwili ilikuwepo kwenye seva, hai kabisa, na hakuna aliyeweza kuifungua. Tangu hapo sikabidhi mfumo bila bahasha iliyofungwa yenye nywila, anwani ya seva, tarehe ya malipo yanayofuata na nakala ya msimbo, bahasha moja kwa mwenyekiti na nyingine kwa mweka hazina, ikifunguliwa mbele ya watu wawili. Nywila zibadilishwe kila kamati inapobadilika. Watu wawili wafundishwe kila kazi, mmoja wao awe mtu asiyetarajia kuondoka Lamu.

Andika pia, mfumo ukiwa bado mzima, nini kitafanyika fedha za mfadhili zikiisha: gharama ya seva na bando kwa mwezi ni kiasi gani, na BMU itaitoa katika mapato gani. Ikiwa jibu ni kwamba haitaweza, weka tarehe ya kuufunga na utaratibu wake. Data binafsi isiyohitajika ifutwe, wenyewe wakijulishwa. Iliyobaki ichapishwe kwa safu zile zile tano za zamani, pamoja na herufi ya bamvua pembeni, ifungwe kwa jalada gumu, mwaka mmoja kitabu kimoja, na vitabu hivyo viwekwe rafuni kwa karani, karibu na mizani, anapoweza kuvifikia bila kumwomba mtu ruhusa.